Maji ya Sabaki, Chumvi ya Gongoni

Malindi, Pwani ya Kenya

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Najua wengine nyumbani watataka habari za samaki wa kupaka, lakini wewe tangu uanze masomo ya maji hapo Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, huna swali jingine ila moja: watu wa huko wanakunywa nini?

Wanakunywa mto, kwa njia ya kuzunguka. Sabaki ni ule ule Athi unaotoka upande wa Nairobi, ukaitwa Galana ukipita Tsavo. Ukifika hapa umebeba udongo mwekundu wa bara, na mvua zikikolea huko juu, bahari ya Malindi nayo hubadilika rangi. Utando wowote wa kuchujia wa maabara ungezibwa na tope hilo upesi sana. Kwa hiyo huko Baricho walichimba visima kwenye mchanga wa kando ya mto. Mchanga huchuja kwanza, kisha pampu husukuma maji hadi Malindi, Kilifi na Mombasa.

Mabomba yakikauka, watu hurudi kwenye visima vya nyumbani, na huko adui si tope tena. Ardhi ya pwani hii ni mawe ya matumbawe. Mvua huzama haraka, kisha maji baridi huelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini, kwa kuwa ya chumvi ni mazito zaidi. Ghyben na Herzberg walionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hukaa juu ya takriban mita 40 nyingine chini ya usawa huo. Geuza hesabu uone hatari: vuta maji mpaka ile mita ipungue nusu, na chumvi itakuwa na njia ya kupanda mita 20. Nilipotembelea magofu ya Gede nilichungulia visima vyake. Kukauka kwa maji ni miongoni mwa sababu ambazo wanaakiolojia huzitaja za mji ule kuhamwa katika karne ya 17.

Ng'ambo ya daraja la Sabaki, Gongoni, nimeona mashamba ya chumvi. Maji ya bahari hutandazwa juani, yakapaa, chumvi ikabaki. Utando hufanya kinyume: huyapitisha maji na kuizuia chumvi. Loeb na Sourirajan, wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ndio waliofungua njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, walipotengeneza utando wenye ngozi nyembamba mno juu ya tabaka lenye matundu, maji yakapita kwa wingi uliofaa kazi. Lakini lita 1 ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na kuishinda kunahitaji msukumo wa zaidi ya mara 20 ya upepo wa tairi la gari. Kila lita 1,000 za maji safi hula umeme wa uniti 3 hadi 4, na nyuma yake hubaki maji machungu zaidi ya bahari, ambayo lazima yapate pa kwenda bila kuua matumbawe.

Ndiyo maana nimemkumbuka Dkt. Askwar Hilonga wa hapo chuoni kwenu, aliyeshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015. Kichujio chake huunganisha mchanga na chembechembe ndogo mno, na sifa yake kubwa ni kurekebishwa kulingana na uchafu wa mahali. Kwetu Meru maji huonekana maangavu, kumbe floridi yake inapita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita na kuyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia. Kichujio kinachozuia tope la Sabaki tu hakigusi floridi, na kinachoondoa floridi tu hakitaifaa kitu Gongoni.

Basi katika tasnifu yako, vipimo vya maji vitangulie, kichujio kifuate. Utafiti mwingi husifu utando kwa maji yaliyochanganywa maabarani. Wewe njoo uchote ya hapa. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na mto, visima na bahari vyote viko karibu. Nauli ya basi nitachangia nusu.

Msalimie mama.

Kaka yako