Mgeni Ndani ya Windows

Ukitaja Linux hosteli, jibu ni lile lile: "Mimi siwezi kufuta Windows yangu." Ni jibu la haki. Laptopu ninayoandikia hapa ilinunuliwa kwa mkopo wa kikoba cha mama, na marejesho bado yanaendelea. Ndani yake kuna ripoti ya TP, nusu ya pendekezo la utafiti na picha za harusi ya dada. Mtu akiniambia "futa kila kitu ujifunze", naona anataka kuchezea jasho la mama yangu.

Lakini nani kasema lazima ufute? Mfumo endeshi mmoja unaweza kukaa ndani ya mwingine na kuendeshwa kama programu nyingine yoyote. Wataalamu huuita mfumo wa nje mwenyeji, na wa ndani mgeni. Na sisi tulishasema zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi natumia VirtualBox, programu ya bure. Mgeni wangu ni Lubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu, faili la takriban GB 3. Lipakue kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, kisha uhakiki: Windows ina amri ya certutil inayotoa alama ya SHA256 ya faili. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye tovuti. Zikifanana herufi kwa herufi, faili liko salama.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Mgeni nampa 2, na diski ya GB 25. Diski hiyo ni faili tu ndani ya Windows, na hukua kadiri inavyotumika. Mgeni akigoma kuwaka, angalia BIOS kama VT-x (kwa Intel) au SVM (kwa AMD) imewashwa. Wakati wa kuinstoli utaulizwa swali linalotisha: diski yote ifutwe? Kubali. Mgeni haoni diski nyingine zaidi ya lile faili lake.

Wenye RAM ya GB 4 msikate tamaa. Windows 10 na 11 zina WSL. Fungua PowerShell, andika wsl --list --online uone mifumo iliyopo, kisha wsl --install -d Debian. Utapata Linux ya kuandika amri, bila madirisha mengi ya kula RAM.

Sasa nije kwenye kilichonikamata mimi kama mwalimu mtarajiwa. VirtualBox inakuruhusu kuhifadhi hali ya mgeni ilivyo sasa na kuirudia ukitaka. Jioni moja nilihifadhi hali, nikahakikisha sijaweka folda ya pamoja na Windows, kisha nikafuta /etc yote kwa makusudi. Nilitaka kuona mfumo ukifa. Ukafa kweli, haukuwaka tena. Nikarudisha hali ya awali, ukafufuka. Dakika zile zilinifundisha kazi ya folda ile kuliko noti za kukariri.

Wanafunzi wetu hawapati nafasi hiyo. Shule niliyofanyia TP ilikuwa na kompyuta chache, na neno la kwanza mtoto alilosikia akiingia maabara ni "usiguse". Simlaumu mwalimu; kikiharibika kifaa, nani atalipa? Ila mtoto aliyefundishwa kuogopa kompyuta hatajifunza kompyuta. Mpe ya ndani aivuruge, ya nje ibaki salama.

Tena programu huria ina faida ya pili: sheria yake inakuruhusu kuifungua na kuibadilisha. Ndiyo maana mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliweza kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Tukisubiri kampuni kubwa zikumbuke lugha ya wanafunzi wetu, tutasubiri sana.

Basi, kwa asiye na bando: faili la Lubuntu ninalo. Njoo na flashi yenye nafasi ya GB 4, nikukopie, ukahakiki mwenyewe ile SHA256. Huo si wizi. Leseni inaruhusu kugawiana. Na mgeni akishazoea, msilale naye tu. Siku ya tatu mpeni jembe.