Kiingereza cha Jikoni

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike machache juu ya kazi ninayoifanya siku hizi. Wengine wenu mwanijua. Nilikuwa mwanafunzi wa shule hii zamani, wakati masomo yetu karibu yote yalipofundishwa kwa Kifaransa. Sasa nafundisha Kiingereza katika shule nyingine ya sekondari, humu humu nchini Rwanda, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu kufuata na kuandika maelezo ya mapishi. Walimu wenzangu hunicheka na kusema kwamba nimegeuka mpishi. Sioni haya kwa jina hilo, na leo nataka kuwaelezeni sababu.

Mwajua kwamba mwezi wa Oktoba 2008 serikali yetu iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na mwaka 2009 mabadiliko hayo yakaanza kuingia madarasani. Tangu hapo vijana wetu wamejifunza upesi kujibu maswali ya mtihani. Lakini kujibu swali ni jambo moja, na kumweleza mtu kazi mpaka aiweze ni jambo jingine. Katika mtihani, mwanafunzi aliyekariri sentensi tatu nzuri aweza kupata alama bila ya kuzielewa. Chungu hakina huruma ya namna hiyo. Maelezo yakipungua neno moja, chakula huungua, au hubaki kibichi, na watu wote walioko jikoni huona.

Basi hivi ndivyo tufanyavyo. Kila mwanafunzi huandika kwa Kiingereza jinsi ya kupika chakula kimoja cha kwao. Siku ya Jumamosi tunawasha majiko ya makaa, yale tuitayo imbabura, na karatasi zinabadilishwa. Mtu asiyekijua chakula hicho hupewa karatasi, naye hutakiwa kufanya kila kilichoandikwa, asiongeze wala asipunguze. Mwenye kuandika husimama kando, na sharti lake ni kunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakowauma zaidi, maana kila mmoja hutamani kusema, "Sivyo, nilikusudia hivi!"

Somo la kwanza huwa juu ya neno lenyewe. Kwa Kiingereza maelezo ya mapishi huitwa "recipe". Neno hilo ni la Kilatini, na maana yake ni "Chukua!" Matabibu wa zamani waliliandika juu ya karatasi ya dawa, kumwamuru mwenye kutengeneza dawa achukue kitu hiki na hiki. Kwa hiyo tangu jina lake, maelezo ya mapishi ni amri. Mtu aliyesoma Kifaransa kwanza, kama wengi wa rika langu, amezoea vitabu vya Kifaransa ambavyo mara nyingi huandika mambo haya kana kwamba ni "kumenya viazi, kuchemsha maji". Akiandika Kiingereza hutaka kuanza kila sentensi kwa "to peel" na "to boil". Mwingereza husema tu "peel" na "boil", yaani menya, chemsha. Kwa njia hii wanafunzi huipata kanuni ya kuamuru bila ya mimi kuandika kanuni yo yote ubaoni.

Somo la pili ni maneno wanayodhani wanayajua. "Season" wamelisoma katika jiografia, nalo ni majira ya mvua au ya kiangazi. Jikoni maana yake ni kutia chumvi na viungo. "Separate the eggs" iliwahi kutuchekesha siku nzima, kwa kuwa msichana mmoja aliyachukua mayai manne akayapanga mezani, kila moja mbali na mwenzake, kama watoto waliogombana. Kumbe aliambiwa atenge kiini na ute. Tena neno dogo kabisa laweza kuleta matata. Ukiandika "chicken" tu, wataka nyama ya kuku, lakini ukiandika "a chicken", umetaja kuku mzima, na msomaji ana haki ya kuuliza kama amekwisha kuchinjwa.

Liko pia jambo ambalo lugha zetu hulifanya vizuri kuliko Kiingereza. Katika Kiswahili nikisema "vikaange", msikiaji ajua kwamba nasema vitunguu, na nikisema "ikaange", ajua kwamba nasema nyama. Kinyarwanda nacho kina desturi hiyo. Kiingereza kina "it" moja tu kwa vitu vyote vile, na vitabu vya mapishi mara nyingi huiacha hata hiyo. Kijana wetu akiandika "fry it" akiwa na vyakula vitano mezani, nani atajua akaange nini? Kwa hiyo nawafundisha kukitaja kitu tena kwa jina lake, wala wasiogope kurudia.

Halafu vipimo. Hapa huwapeleka nyumbani wakawaulize mama zao, nao hurudi na jibu moja, "Tia kiasi." Wasiwacheke mama zao kwa hilo. Hata Waingereza na Wamarekani walipika hivyo kwa muda mrefu, na vitabu vyao vingi vya zamani vilisimulia upishi mfululizo bila ya kupanga vipimo. Isabella Beeton, katika kitabu chake cha mwaka 1861, aliweka orodha ya vitu na viasi vyake mwanzoni mwa kila pishi. Fannie Farmer wa Boston, katika kitabu chake cha mwaka 1896, alisisitiza kikombe na kijiko kilichosawazishwa juu kwa kisu. Hata sasa vipimo havijawa sawa po pote. Kikombe cha Kimarekani ni kama mililita 240, painti ya Marekani ni 473 na ya Uingereza ni 568. Kijiko cha mezani ni mililita 15 kwa wengi, lakini Australia ni 20. Kwa sababu hiyo sisi hupima kwa chupa ya maji ya nusu lita, ambayo kila mtu anayo, na mwandishi hutaja mililita.

Lakini kisa ambacho kimenifanya niendelee na kazi hii ni cha isombe, yaani kisamvu. Kijana mmoja hodari, wa kwanza darasani kwa sarufi, aliandika karatasi isiyo na kosa hata moja la lugha. Alieleza kuyatwanga majani ya muhogo, kutia nyanya chungu, vitunguu, karanga zilizosagwa na mawese, na kula kwa ugali. Karatasi ikamwangukia msichana aliyelelewa ng'ambo, mahali pasipoota muhogo. Akatwanga, akachanganya, akachukua sahani. Akaniuliza kama chakula hiki huliwa kibichi kama kachumbari. Nikainua mkono, kazi ikasimama.

Majani ya muhogo yana sumu ya jamii ya sianidi. Kuyatwanga huifungua sumu hiyo, na kuyachemsha sana katika maji, bila ya kufunika chungu, huitoa pamoja na mvuke. Bibi zetu hawakulijua jina la sumu, lakini walilijua jambo lenyewe, na ndiyo sababu isombe hukaa motoni muda mrefu. Yule kijana alishangaa mno. Akasema, "Lakini, mwalimu, kila mtu anajua kwamba huchemshwa!" Nikamwonyesha yule msichana aliyeshika sahani, nikamwambia, "Huyu hajui, naye ndiye uliyemwandikia."

Hakujibu. Alikaa chini akaandika upya, na safari hii aliweka sentensi ya kuchemsha peke yake, pamoja na muda, na neno la kukataza kifuniko. Kiingereza chake hakikuwa kizuri kuliko cha kwanza, ila sasa mgeni angeweza kupika kwa karatasi ile akala salama.

Vijana mlio madarasani, hili ndilo ninalotaka mlichukue. Mtaandika mengi maishani yasiyo ya mapishi. Mtakaokuwa waganga mtaandika jinsi ya kumeza dawa, mtakaokuwa mafundi mtaandika jinsi ya kuendesha mashine, na mtakaokuwa makarani mtaandika barua ambazo wakulima watazifuata ili wapate haki zao. Sarufi ni lazima, wala simpunguzii alama mtu anayeipenda. Lakini kabla ya kuipeleka karatasi yako, mtafute mtu mmoja asiyejua, umpe aisome, nawe unyamaze. Pale atakaposita, pana neno lako lililopungua.

Nanyi wenzangu wa zamani mlioenea mijini na ng'ambo, nina ombi. Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha rasmi za nchi yetu tangu mwaka 2017, na gazeti hili lina kurasa zake. Mwandikieni mhariri maelezo ya chakula kimoja cha kwenu, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, pamoja na vipimo na muda. Msiache jambo lo lote kwa kudhani kwamba kila mtu analijua. Wanafunzi watayapika, na kama chakula kitaharibika tutawaandikieni kuwauliza mlisahau nini.