Bundi Asiyeruka wa Naivasha



Likizo iliyopita tulisafiri kwenda Naivasha kuhudhuria nikahi ya binti wa ndugu yetu. Tulipanda treni Mombasa pamoja na mama watoto na mjukuu wetu wa kike wa miaka tisa, tukalala Nairobi, na asubuhi gari likatuteremsha katika Bonde la Ufa. Sisi tuliozoea kanzu nyepesi tuliomba mablanketi mapema, kwani mji ule uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Walima ulipokwisha, wenyeji wetu walitaka kututembeza, wakataja kituo kinachotibu ndege mbuai: tai, vipanga, kozi na bundi. Mjukuu alifurahi mno. Sisi, lilipotajwa jina la bundi, tulinyamaza, na sababu tutaieleza.

Kituo hicho kinaendeshwa na Kenya Bird of Prey Trust. Ndege huletwa wakiwa wamegongwa na magari, wamekula mizoga iliyotiwa sumu, au wameungua kwa umeme. Tai ana mabawa mapana. Akitua juu ya nguzo, bawa moja likagusa waya huu na la pili waya ule, umeme humpita mwilini. Wanaopona sawasawa huachiliwa. Wako wasioachiliwa kamwe, na hao ndio waliotushughulisha.

Kijana mlezi alitueleza kwa adabu. Mbuzi akivunjika mguu ukaunga kombo, atachechemea lakini majani atayafikia. Ndege mbuai hula anachokikamata. Bawa likiunga kombo hata kidogo, kumwachilia ni kumhukumia njaa. Wako pia waliolelewa na watu tangu makinda, wakamdhani mwanadamu ndiye mzazi wao. Hao hawajui kuwinda wala kujihadhari na mtu.

Mama watoto aliuliza swali tuliloona haya kuliuliza: "Mwanangu, kumlisha nyama kila siku ndege asiyeruka, mwapata faida gani?"

"Mama, hawa nao wana kazi," akajibu. Akatueleza kwamba katika vituo vya namna hii bundi kilema hupewa makinda yatima awalee. Huwalisha kwa mdomo wake, nao hujifunza sauti ya jamaa zao badala ya sauti ya watu. Wakishakomaa, huachiliwa. Mlezi wao hubaki.

Kisha tukafika mbele ya bundi mmoja aliyekuwa na bawa moja tu. Alituelekezea uso wake wa duara, akatukodolea macho. Hapo miguu yetu ilikuwa mizito.

Miaka mingi iliyopita, babewatoto alitaga darini mwa chuo tulichokuwa tukisomesha. Mtoto wa jirani akashikwa na homa, na watu wakasema ni huyo ndege anayelia usiku. Wanafunzi waliokota mawe, nasi mwalimu wao tulikuwa tumesimama mlangoni, tukawaacha. Walimvunja bawa. Alikaa chini ya mwembe hadi magharibi akitutazama, na alfajiri hatukumwona tena. Nasi tulikuwa tumeshawasomesha wanafunzi wale wale hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) alikanusha itikadi ya nuksi, akaitaja pia hama, neno ambalo wanavyuoni wengi wamelieleza kuwa ni bundi. Tulikuwa na elimu mdomoni, na mkono tukauacha ufuate ada.

Mlezi alimweleza mjukuu wetu kwamba bundi huwinda panya usiku, na kwamba manyoya yake ni laini hata akiruka hasikiki. Mtoto akatugeukia: "Babu, sasa kwa nini watu humpiga?" Tulimsimulia kisa chetu chote palepale, mbele ya nyanya yake. Hakutulaumu. Alitushika mkono tu, na hilo lilituuma kuliko lawama.

Ndege hawa wanatutoka. Mwaka 2022 watafiti walichapisha hesabu ya aina 22 za ndege mbuai na jamaa zao wakubwa waliohesabiwa kando ya barabara za Kenya, wakailinganisha na hesabu ya miaka ya 1970. Aina 19 zilikuwa zimepungua. Sumu, nyaya na kupotea kwa makao yao vinatosha kuwamaliza. Mawe yetu ni ziada. Na Surat Al-An'am imetufunza kwamba ndege nao ni umma kama sisi.

Wiki moja baada ya kurejea, mama mmoja alitugongea mlango baada ya isha, mtoto begani. Bundi alikuwa amelia juu ya paa lake siku mbili, na mtoto alikuwa amefukizwa ubani siku hizo mbili huku mwili ukiwaka moto. Alitaka kombe, na vijana wa kumfukuza ndege. Tulimsomea mtoto dua, kisha tukatafuta tuktuk, tukafuatana nao na mama watoto hadi hospitali. Kipimo kilionyesha malaria. Daktari alisema afadhali hawakungoja asubuhi.

Tuliporudi ilikuwa yapata saa saba za usiku, na bundi alikuwa bado pale juu ya paa. Yule mama alimtazama kwa muda, akafungua mlango, akaingia ndani kumtandikia mtoto chandarua.

Wabillahi tawfiq.