Dawa Zikishavuka Pantoni

Kazi ya maisha yangu imekuwa ufamasia, na sehemu yake iliyonifundisha zaidi nimeifanya sebuleni kwa wazee wa Kigamboni, wengi wao wastaafu wa jeshi. Sijawahi kuwa na cheo chenye jina la kazi hiyo. Kwenye orodha ya mishahara nilikuwa mfamasia wa hospitali. Kuwatembelea wastaafu kulianza kama ziada ya jioni na Jumamosi, kwa makubaliano na waganga waliokuwa wakiwatibu na kwa wito wa chama chao wenyewe cha mtaa, halafu taratibu ziada ikawa ndiyo kazi. Sitasimulia visa vya wagonjwa hapa, kwa kuwa visa ni vyao na siri zao hazikunifikia ili zichapishwe. Nataka kutetea jambo moja tu ambalo miaka hiyo imenifanya niliamini. Mzee wa Kigamboni anayemeza dawa za kudumu mara nyingi hasumbuliwi na kukosa dawa kama anavyosumbuliwa na kuwa na waandikaji wengi wasiojuana. Mfamasia anayepiga hodi kwake ana thamani pale anapowakutanisha waandikaji hao kwenye karatasi moja na kuhakikisha kinachostahili kuondolewa kinaondolewa. Akienda kupeleka vidonge na kuuliza kama vinamezwa vizuri, hana tofauti na bodaboda, na bodaboda ni nafuu.

Ukitaka kuelewa kwa nini waandikaji ni wengi, anza na maji. Kigamboni ilikuwa sehemu ya Temeke mpaka 2016, ilipopata manispaa yake, mwaka uleule lilipofunguliwa Daraja la Nyerere. Kabla ya hapo aliyetaka kwenda mjini alivuka kwa pantoni hadi Magogoni au alizunguka kwa barabara kupitia Kongowe. Daraja limepunguza adha, ila halikusogeza hospitali. Lugalo, hospitali ya jeshi ambayo mstaafu anaihesabu kuwa kwake, iko upande wa pili kabisa wa jiji, njia ya Bagamoyo. Muhimbili iko Upanga. Mzee wa Kibada au Mjimwema aliyelazwa ng'ambo hurudi na mfuko wa dawa za mwezi. Mwezi ukiisha magoti hayana nguvu ya kuvuka tena, basi huenda Vijibweni au kwenye zahanati ya jirani, ambako hupewa dawa nyingine ya kundi lilelile kwa sababu ile ya kwanza haipo. Magoti yakimsumbua usiku, kijana hutumwa duka la dawa. Binti anayeishi Mbagala naye huleta vidonge vilivyomsaidia mama mkwe wake. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekosea kwa kipande chake. Kosa huzaliwa vipande vinapokutana kwenye mfuko mmoja wa plastiki chini ya mto, mahali ambapo hakuna mwandikaji anayefika.

Wastaafu hawa wana umri ambao hauvumilii makosa ya namna hiyo. Aliyekuwa na miaka 22 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera Oktoba 1978, sasa anakaribia 70 au amepita. Tena walioingia Kampala Aprili 1979 hawakuwa askari wa kudumu peke yao. Walikuwemo wanamgambo wengi ambao vita vilipokwisha walirudi kwenye mashamba na biashara zao, bila maisha marefu ya jeshini. Waliobaki kwenye utumishi na wasiobaki wanafanana kwa mambo matatu yanayomhusu mfamasia: maumivu ya zamani ya mgongo na magoti, usikivu uliopungua, na mazoea ya kutekeleza. Hili la tatu watu hulisifu, mimi huliogopa. Mgonjwa mtiifu humeza kila alichopewa na kila aliyempa. Raia mkaidi angeacha nusu, na katika hali fulani ukaidi wake ungemwokoa.

Chukua mfano ambao kila mfamasia wa wazee anaujua. Mzee anatumia losatani kwa ajili ya presha na furosemidi ya kutoa maji mwilini, zote mbili zimeandikwa kwa haki. Kisha anaongeza diklofenaki ya magoti, ile ambayo mtaani huitwa diklopa na huuzwa bila maswali mengi. Furosemidi hupunguza maji kwenye mzunguko wa damu, losatani hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo, na diklofenaki hubana ule unaoiingiza. Figo la kijana huenda likastahimili hali hiyo, la mtu wa miaka 70 linaweza kushindwa katika wiki moja ya joto na kuharisha. Au chukua kisukari. Glibenklamidi ni rahisi, inapatikana, na imekuwa mkononi mwetu kwa miongo mingi, lakini Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza wazi kwamba haifai kwa mwenye umri unaozidi miaka 60, kwa sababu hushusha sukari kwa muda mrefu, hasa figo likiwa limechoka. Mzee ambaye sukari yake imeshuka alfajiri huongea maneno yasiyoeleweka, hutoka jasho, hukataa kula. Nyumba nzima inaweza kuamini amepata kiharusi, au kwamba kuna kitu kimemwingia, na atafutiwe mtu wa kumsomea. Piritoni ya mafua humzuia mkojo mwenye tezi dume iliyovimba. Diazepamu ya usingizi humwangusha njiani kuelekea choo cha uani. Hakuna dawa ya ajabu katika orodha hii. Ni dawa za kawaida kabisa, na nadhani ndiyo sababu hazitiliwi shaka.

Mengine hayaonekani popote isipokuwa nyumbani. Kliniki humpima mzee presha akiwa ameketi, na namba ikiwa nzuri kila mtu hufurahi. Nyumbani unampima akiwa amelala kitandani, kisha amesimama, na hapo ndipo unaona kwamba vidonge vya presha pamoja na cha tezi dume vinamwacha bila damu ya kutosha kichwani kila anapoinuka. Nyumbani ndipo unapojua nani hasa anagawa dawa, kwa kawaida mke au mkamwana, mtu ambaye hakuwepo maelekezo yalipotolewa dirishani. Ndipo pia unapoona insulini inakaa wapi. Mtungi wa udongo wenye maji ni njia nzuri ya kuihifadhi pale ambapo hakuna jokofu, lakini mtungi hupoa kwa maji kuvukizwa na hewa kavu, na hewa ya pwani yetu si kavu. Mtungi wa Dodoma hufanya kazi vizuri kuliko mtungi wa Kigamboni. Huwezi kulifikiria jambo hilo ukiwa nyuma ya kioo cha famasi, hata kama kioo hicho kina bango la dirisha la wazee.

Je, kuna ushahidi kwamba kuingia nyumbani kunabadilisha kitu, au ni hisia zangu tu? Ushahidi uliokaribia zaidi kazi yangu unatoka Australia, na kwa bahati njema unahusu wapiganaji wa zamani. Tangu 2001 nchi hiyo imekuwa na utaratibu wa daktari kumwomba mfamasia akapitie dawa za mgonjwa nyumbani, kisha mfamasia humrudishia daktari ripoti, na daktari na mgonjwa hukubaliana mpango. Elizabeth Roughead na wenzake walitumia kumbukumbu za idara ya wapiganaji wa zamani kufuatilia wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2009 walilinganisha wagonjwa 273 waliopitiwa dawa zao na 5,444 ambao hawakupitiwa, na kukuta kwamba uwezekano wa kulazwa kwa ajili ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 45. Miaka miwili baadaye walichapisha matokeo ya wanaotumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: kulazwa kwa kutokwa damu kulipungua kwa asilimia 79 kati ya mwezi wa pili na wa sita baada ya ziara. Kabla ya hapo hapakuwa na tofauti, na baada ya mwezi wa sita tofauti ilitoweka. Kwangu sehemu hiyo ya mwisho ina uzito kuliko namba kubwa iliyotangulia, kwa maana inasema kwamba ziara moja haitoshi na kwamba faida yake huchakaa.

Anayepinga ana silaha nzuri kuliko huko kuchakaa kwa faida, na ni haki niitaje. Tafiti za Roughead zilifuatilia tu kilichotokea. Hazikugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo huenda waliotembelewa walikuwa na madaktari makini tangu mwanzo. Uingereza walifanya jaribio la bahati nasibu lililoitwa HOMER na kuchapishwa mwaka 2005: wagonjwa 872 wenye zaidi ya miaka 80, waliotoka hospitali, nusu yao wakitembelewa nyumbani na mfamasia mara mbili. Waliotembelewa walilazwa tena zaidi kwa asilimia 30, na maisha yao hayakuwa bora. Matokeo hayo yamewahi kunikosesha usingizi. Maelezo mawili yanaingia akilini. La kwanza, mtu aliyefundishwa dalili za hatari huzitambua na kwenda hospitali, na si kila kulazwa ni hasara. La pili ndilo ninaloliamini zaidi. Ziara za Uingereza zilimweka mfamasia nyumbani, zile za Australia zilimweka kati ya nyumba na daktari, kwa ombi la daktari na kwa ripoti inayorudi kwake. Aliyezisoma tafiti hizo kama ugomvi wa ziara ni nzuri au mbaya amepitwa na kilichozitenganisha. Nami kwa hakika sipendekezi Kigamboni iige ziara ya Uingereza.

Pingamizi la pili linatoka hapahapa nyumbani na ni zito zaidi. Unazungumziaje wingi wa dawa katika nchi ambayo wazee wengi hawajawahi kupimwa presha? Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa watu wa miaka 70 na zaidi, ulikuta karibu 7 katika kila 10 wana presha ya kupanda, na waliokuwa wameidhibiti walikuwa wachache sana. Ni kweli, na sitalipuuza. Ila upungufu na wingi si mahasimu, hukaa ndani ya mfuko mmoja. Mzee yuleyule aliyekatisha amlodipini kwa kukosa nauli ana aina tatu za dawa za maumivu. Anakosa ile anayoihitaji na anazo ambazo zinapandisha presha hiyohiyo, kwa kuwa diklofenaki na ndugu zake hufanya hivyo pia. Pesa iliyonunua vidonge vya maumivu ingeweza kununua amlodipini ya wiki kadhaa. Kupunguza ndiko kunakotoa nafasi ya kuongeza panapopungua, na hakuna anayeweza kufanya hesabu hiyo bila kuumwaga mfuko mezani.

Wapo wanaouliza pia kwa nini mwanajeshi mstaafu atangulizwe, na mama muuza samaki wa Feri asipigiwe hodi. Sina jibu la kishujaa. Nilianza na wastaafu kwa sababu walikuwa na chama, orodha ya majina na mazoea ya kukutana, na huduma huanza kwa urahisi palipo na orodha. Kanuni za kuupitia mfuko hazibagui mfuko ni wa nani.

Linabaki suala la watu. Wafamasia hawatoshi hata hospitalini, na atakayesema tuwapeleke wote mitaani hajawahi kusimama kwenye famasi ya hospitali ya rufaa Jumatatu asubuhi. Lakini hatuanzi sifuri. Enzi za UKIMWI, hata kabla dawa za kupunguza makali hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, wahudumu wa kujitolea walikuwa wakibeba mikoba nyumba kwa nyumba, na baadaye walijifunza kuhesabu vidonge vilivyobaki. Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000. Mhudumu huyo hahitaji kujua figo hufanyaje kazi. Anahitaji kujua maswali machache: dawa ni zaidi ya tano? ametoka kulazwa mwezi huu? ana insulini au wafarini? ameanguka? Jibu la ndiyo moja limlete mfamasia. Duka la dawa muhimu nalo, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, lina mtoa dawa aliyefundishwa, na kwa mzee aliyeandikishwa angeweza kuwa wa kwanza kukataa kumuuzia diklofenaki.

Hayo yote hayatasaidia ikiwa karatasi haitarudi kwa mwandikaji. Kwa hiyo naziomba hospitali za ng'ambo na za upande wetu mambo mawili yasiyohitaji bajeti kubwa. Mzee anaporuhusiwa apewe orodha ya dawa kwa Kiswahili kinachosomeka, yenye sababu ya kila dawa na zile zilizosimamishwa zikitajwa kwa majina. Na chini ya orodha hiyo iandikwe namba ya simu ya wodi au kliniki ambayo mfamasia anaweza kupiga na kujibiwa siku hiyohiyo. Nawe msomaji mwenye mzazi Kigamboni, siku ya kliniki beba mfuko wote, pamoja na dawa za dukani na za miti shamba, uumwage mbele ya daktari kabla hajaanza kuandika.