Kofia ya Abiria wa Ruaruke

Ukimuuliza kijana wa bodaboda katika kata ya Ruaruke, Kibiti, kofia yake iko wapi, atakuonyesha imening'inia kwenye kioo cha pembeni, kisha atakwambia kichwa ni chake na kuvaa ni hiari yake. Anasema hivyo kwa uhakika wa mtu anayeamini kwamba mambo yamekuwa hivyo tangu mwanzo. Historia ya kofia ngumu katika kata hii ni fupi, walioiona yote bado wako hai, na inaonyesha kwamba hiari anayoitaja kijana huyo hajawahi kupewa. Kofia ililetwa kwake kama mali ya trafiki, na ndiyo maana huivua trafiki akishapotea machoni.

Zamani pikipiki ilikuwa chombo cha kazi ya umma. Bwana shamba alikuwa nayo, bwana afya alikuwa nayo, na watu wa miradi, nyingi zikiwa Honda na Yamaha zenye namba za serikali au za wafadhili. Pikipiki ilikuja na kofia yake, na aliyekabidhiwa chombo alikabidhiwa vyote viwili. Hapakuwa na askari wa kumsimamisha katikati ya mikorosho, lakini alivaa, kwa sababu kofia ilihesabiwa kuwa sehemu ya pikipiki na sehemu ya heshima ya kazi. Wengine wote walitembea kwa miguu au kwa baiskeli za Phoenix na Swala, wakibeba korosho, nazi na samaki wakavu kutoka delta ya Rufiji. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa 2003 na kivuko cha Ndundu kikabaki hadithi. Baadaye zikamiminika pikipiki za SanLG na T-Better kutoka China, kwa bei ambayo mkulima aliyeuza korosho vizuri aliweza kuifikia. Kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria zilitolewa 2010, ila vijijini mwaka huo hauna uzito sana: pikipiki hazikuwa zimesubiri kanuni. Lililobadilika ni kwamba chombo cha mtu mmoja kiligeuka chombo cha watu wawili, wakati mwingine wanne kwa mshikaki, na kofia ikabaki moja.

Kofia ya pili ilipokuja, ilikuja na harufu yake. Nadhani hakuna kilichoiharibia sifa kofia ngumu katika ukanda huu kuliko harufu ile, na wanaotunga kanuni hawajawahi kuizungumzia kwa uzito unaostahili. Kofia ya abiria huvaliwa na kila kichwa kinachopanda tangu alfajiri: mvuvi aliyetoka kukesha majini, mama aliyejipaka mafuta ya nazi, mwanafunzi mwenye mapunye, mgonjwa anayetokwa jasho la homa. Sifongo ya ndani hunywa vyote hivyo na haifuliwi, kwa sababu haikutengenezwa ivuliwe. Masika ikinyeshewa haikauki, ikaota ukungu. Kiangazi huanikwa juani siku nzima, na joto likaiamsha harufu upya. Mwanamke aliyevaa ushungi anatakiwa aiweke juu ya nguo anayokwenda nayo msibani, na aliyetoka kusukwa anaambiwa avunje kazi ya saa tatu kwa safari ya robo saa. Anapoikataa hafanyi ukaidi. Anajilinda na ugonjwa wa ngozi anaoufahamu, dhidi ya ajali anayoomba isitokee. Dereva akishakataliwa mara kadhaa huiacha nyumbani. Jambo hili lina dawa rahisi, kitambaa chepesi cha kuvaa ndani au kofia ya mtu mwenyewe, na inauma kuona miaka mingi imepita tukilaumu abiria badala ya kushughulikia sifongo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Faini ya kosa la barabarani ilikuwa shilingi 30,000, na katika bajeti ya 2021 ikashushwa hadi 10,000 kwa bodaboda na bajaji. Madukani zikajaa kofia nyepesi za plastiki, mkanda umekatika au haupo kabisa, za kumridhisha askari tu. Dereva huivaa akikaribia lami ya Kibiti na kuivua akirudi kwenye udongo. Kabla ya faini kushushwa, ulikuwa umekuja wakati ule wa mauaji ya Kibiti ambao hauhitaji kusimuliwa, pikipiki zilipozuiwa kutembea usiku mwaka 2017, na uso uliofunikwa ukawa jambo la kutia hofu. Mtu aliyeona heri aende kichwa wazi ili atambulike na salamu yake ipokewe alikuwa na sababu ya haki. Lakini kofia inayoacha uso wazi ipo, na sababu hiyo haifai kuendelea kutumiwa leo.

Wapo wanaosema njia zetu ni za mchanga, mwendo ni mdogo, kofia ni ya lami. Mchanga ndio unaovuta tairi la mbele ghafla, na kisiki cha mkorosho hakijali mwendo wako. Mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yaliyochapishwa 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hoja nzito zaidi ni ile ya hiari: mtu mzima aachiwe kichwa chake. Naiheshimu. Jimbo la Florida huko Marekani liliikubali mwaka 2000, likawaruhusu wenye zaidi ya miaka 21 kuendesha bila kofia, ila kwa sharti la bima ya matibabu isiyopungua dola 10,000. Hata waliotoa uhuru huo waliuliza kwanza nani atalipa. Bima ya lazima ya pikipiki hapa kwetu ni ya kumlinda mtu mwingine, haimtibu dereva mwenyewe. Akipasuka kichwa, atapelekwa Muhimbili, na shamba la mikorosho litauzwa na wajomba ambao hawakuulizwa kuhusu hiari yake.

Kwa hiyo swali la kofia lirudishwe kwa wenye pikipiki. Mkataba wa bodaboda hutaja hesabu ya siku na nani anabeba gharama ya tairi na mafuta ya injini. Utaje pia kofia mbili zenye mkanda mzima, zinazoacha uso wazi, zenye kitambaa cha ndani kinachotoka na kufuliwa, na useme mwenye chombo ndiye atakayezibadilisha zikichakaa. Bwana shamba alikabidhiwa chombo chake hivyo.