Duka Lako Si Kitendawili

Chang'ombe,
Dodoma.

Mpwa wangu mpendwa,



Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema duka lako limekuwa kitendawili: wateja wapo, mauzo yapo, lakini mwisho wa mwezi droo tupu. Neno hilo limenikaa moyoni. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na naamini jina unaloipa shida ndilo linalokuonyesha pa kuanzia.

Kumbuka tulivyokuwa tukitega hapa uani. Mmoja anasema "Kitendawili!", wengine "Tega!" Mkishindwa, anadai mji, mnampa Tabora au Dar es Salaam, akiridhika anatoa jibu. Yaani jibu la kitendawili limo tayari kichwani mwa aliyetega. La duka lako nani analo?

Fumbo nalo lina mwenyewe. Mtu hufumba maana makusudi, huyu aelewe na yule apitwe. Usikimbilie huko, mjomba. Ukishaona fumbo, utaanza kumtazama kijana wako wa dukani kwa jicho la wizi kabla hujahesabu chochote.

Jambo lako mimi naliita tatizo. Neno hilo ni ndugu wa kutata, kama uzi unavyotatana. Uzi uliotatana hauna mtu wa kungojwa aseme jibu. Unatafuta ncha, unaishika, unaifuata polepole. Na sikiliza lugha yetu: tega, tegua, fumba, fumbua, tata, tatua. Waliotuachia maneno haya hawakutaja kufunga bila kutuachia na kufungua.

Hata mji wetu umepitia hayo. Chama tawala cha wakati ule, TANU, kiliamua mwaka 1973 makao makuu ya serikali yahamie Dodoma. Miaka ikapita, na wengi mtaani tukasema hicho ni kitendawili, tukakaa kungoja jibu. Kumbe zilitakiwa nyumba, maji, barabara na fedha, kimoja baada ya kingine. Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, ndipo nilipoelewa kwamba lile lilikuwa tatizo tangu mwanzo.

Ncha ya uzi wako ni daftari. Kwa wiki nne andika kila mauzo, kila mkopo wa mteja, na hasa kila kilo ya mchele au sukari unayoibeba wewe mwenyewe kwenda nyumbani. Hiyo ya mwisho hukuitaja kwenye barua, nami naiogopa kuliko zote.

Ukikwama, panda treni ya SGR uje. Kuomba msaada si aibu. Hata watoto wakishindwa hutoa mji. Njoo na daftari, tukae pale pale uani tulikokuwa tukitega, tulitatue pamoja.

Mjomba wako akupendaye.