Safari ya Mlandizi

Maji ya Mto Ruvu nimeyanywa Dar es Salaam tangu utotoni, lakini mto wenyewe sikuwa nimeuona. Siku nilipopanda basi la Mlandizi masika yalikuwa yamekolea, na tangu Kibaha mvua haikutuacha. Ruvu hushuka kutoka milima ya Uluguru; nilipoufikia ulikuwa umejaa hadi kingoni, rangi ya udongo mtupu.

Katika maabara ya mtambo wa kusafisha maji alinipokea mtaalamu wa zamu. "Karibu kaka, umekuja siku ngumu," akasema, huku akipanga bilauri sita za maji ya mto chini ya mashine ya kukorogea. Chembe za mfinyanzi, alinieleza, zina chaji hasi, kwa hiyo husukumana, haziungani. Chembe yenye upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita huchukua zaidi ya wiki kuzama mita moja, hata maji yakitulia tuli. Mji mzima hauwezi kungoja hivyo.

Akatia shabu, salfeti ya alumini. Ikayeyuka, isionekane tena. Majini tayari mlikuwa na chumvi nyingine iliyoyeyuka, bikaboneti ya kalsiamu, ambayo mvua huitoa kwenye miamba na udongo. Zikikutana, kabonidioksidi hutoka na alumini hugeuka hidroksidi isiyoyeyuka: jeli inayonata, laini kama ute wa yai. Jeli hiyo ndiyo inayolinasa tope. Mashine ilikoroga kwa kasi kwa muda mfupi, kisha polepole, maana jeli ikipigwa sana hukatika. Vikaanza kuonekana vibonge vidogo, vikakua, kila kimoja kimefumbata udongo. Niliinama pale nisitake kuondoka. Katika kemia yote niliyosoma shuleni sikumbuki kitu kizuri kuliko hicho.

Ugumu wa masika aliniambia baadaye. Mafuriko huizimua bikaboneti ya mto wakati uleule tope linapodai shabu zaidi. Kila miligramu ya shabu hula karibu nusu miligramu ya ualkali, ukihesabiwa kama kaboneti ya kalsiamu. Ukiisha, maji huwa na asidi, na alumini hubaki imeyeyuka badala ya kuwa jeli. Kwa hiyo baadhi ya bilauri alizitia chokaa, kufidia upungufu wa mto.

Mashine ilipozimwa, zisizo na chokaa zilibaki na ukungu. Ya nne ilikuwa imetakata juu, tope lote limelala chini. Akaandika vipimo vyake, akapiga simu chumba cha dawa: chokaa itangulie, shabu ifuate.